Mashine Iliyomkataa Marlys

Nordby, Minnesota
Aprili 26

Dada Ardis,

Nakuandikia kwa sababu masikio yako na simu hayapatani, na mambo ya leo sitaki kuyapigia kelele mpaka majirani wayasikie. Kaa kitako kwanza.

Nimewekeana dau na Janelle. Ndiyo, binti yangu wa kumzaa. Alikuja Pasaka, akala vizuri, akaosha vyombo, kisha akakunja taulo la jikoni na kusema, "Mama, nyumba hii imekuwa kubwa kwako. Baba hayupo tena. Ekari mbili za nyasi atazikata nani?" Kumbe ameshanitafutia chumba kwenye jengo la wazee kule Minneapolis. Ghorofa ya nne, Ardis! Mimi ambaye nimekanyaga udongo wa uwanja huu kila asubuhi tangu niolewe! Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Njoo wikiendi ya Siku ya Kumbukumbu, mwisho wa Mei. Utanikuta juu ya mashine ya baba yako, na nitazikata ekari zote mbili mbele ya macho yako. Nikishindwa, nitafunga mizigo kwa mikono yangu." Akanipa mkono. Unamjua Janelle, akishakupa mkono harudi nyuma.

Sasa sikia kichekesho. Mashine inawaka vizuri tu, inanguruma mpaka madirisha ya banda yanatetemeka. Lakini nikiachia breki, au nikiwasha visu vya kukatia, inazima. Kimya. Orville hakuwa akiniruhusu hata kuisogeza. Alikatia nyasi zake mpaka wiki chache kabla hajafa, Oktoba, na sikumbuki hata siku moja imzimikie. Nilikwenda kwenye duka la vipuri hapa mjini, yule wa kaunta akanitazama akaniuliza, "Bibi, mzee yupo nyumbani?" Nikamjibu mzee yupo makaburini. Akasema kampuni iliyotengeneza mashine hizi za Dakota ilishafungwa zamani, vipuri hakuna, pole sana.

Lakini nimeona tangazo kwenye gazeti la wakulima. Levi Hershberger, Mwamishi wa Ohio, wale Wakristo wa farasi wasiotaka magari, anavunja mashine kuukuu za kukatia nyasi na kuuza vipuri vyake. Hana simu, anataka barua. Basi nitamwandikia, ila kwa jina la Orville. Usianze kunisema! Nimechoka kuulizwa mzee yuko wapi. Wanaume wakiandikiana kuhusu mashine, mambo yanakwenda.

Mdogo wako,
Marlys


Nordby, Minnesota
Aprili 27

Bwana Hershberger,

Mimi ni mkulima mstaafu na nimeshika spana tangu nina meno ya utoto, kwa hiyo naomba tusizungushane. Nina Dakota nyekundu, ile ya kuendesha umeketi. Inawaka bila taabu. Nikiachia breki inazima, nikiwasha visu inazima. Plagi ni mpya, petroli ni mpya. Mke wangu anasema niitupe jalalani, lakini wewe unajua wanawake na mashine.

Lazima iwe inakata kabla ya Siku ya Kumbukumbu. Kuna mtu nimempa ahadi, na mtu huyo ni mgumu kuliko jiwe. Nikishindwa nitapoteza kitu ambacho hakiuzwi popote. Niambie nifanye nini.

Orville Tollefson


Kaunti ya Holmes, Ohio
Mei 2

Bwana Tollefson,

Salamu za amani. Huku mvua haijatupa nafasi, mahindi bado yako ghalani na farasi wananenepa bure. Barua yako imetuletea furaha karakanani. Dakota! Watu wengi wamezitupa, na waliozitupa walikosea. Zimetengenezwa kwa chuma cha kweli. Tunazo tatu nyuma ya banda, na nimekwenda kuzitazama mara tu nilipomaliza kusoma, mvua ikininyeshea.

Nyinyi Waingereza mnapenda kununua kwanza na kutazama baadaye. Hata hivyo natuma mkanda wa visu, maana wa zamani hukauka na kukwama, na mashine ikilemewa huzima. Ufunge, kisha uniambie. Unijibu na jambo moja zaidi: una uzito gani? Usione haya, ninayo sababu ya kuuliza.

Kuhusu wanawake na mashine, sina la kusema.

L. Hershberger


Nordby, Minnesota
Mei 6

Bwana Hershberger,

Kwanza kabisa, mimi si Mwingereza! Babu yangu alishuka melini kutoka Norwei na samaki wake mkavu kwapani, na mpaka leo kanisani kwetu hakuna anayependa hata chai. Tusirudie kosa hilo.

Uzito wangu ni ratili mia mbili na sitini, kabla ya kifungua kinywa. Unataka kunioza?

Mkanda umefika na umefungwa! Nililala chini ya mashine mchana kutwa, nikachubuka vidole, grisi ikaniingia hata sikioni, na ulipokaa mahali pake nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Sijawahi kufanya kazi kama hii. Yaani sijawahi kuifanya kwa haraka namna hii. Niliweza, Bwana Hershberger! Ule mkanda mbovu nimeushika nikauangalia kama nyoka niliyemuua.

Lakini bado inazima. Nyasi zimefika kwenye vifundo vya miguu. Haraka, tafadhali.

O. Tollefson


Kaunti ya Holmes, Ohio
Mei 10

Bwana Tollefson,

Tumecheka mpaka tukafuta machozi. Nisamehe. Kwetu kila mtu asiye wa kanisa letu ni Mwingereza, awe wa Norwei au wa China. Sasa umejua, na bado wewe ni Mwingereza.

Kwa uzito ulionitajia, kiti tunakiacha. Nilikuwa nimekishuku, lakini mtu wa ratili mia mbili na sitini hana ugomvi na kiti. Basi itakuwa swichi ya visu, au waya wa breki umeoza. Natuma vyote viwili. Nimevitoa kwa mikono yangu leo asubuhi kwenye Dakota iliyokuwa ya mzee mmoja aliyeitunza kuliko meno yake.

Usinidhanie fundi wa ajabu. Kanisa letu linaturuhusu kuzitengeneza mashine hizi kwa ajili yenu, lakini haturuhusiwi kuzipanda na kukata nyasi. Za kwetu tunazikata kwa mashine ya kusukuma kwa mkono. Mamia yamepita hapa, na sijakatia hata moja. Kwa hiyo ikikubali, nieleze inavyokuwa. Usiache kitu.

L. Hershberger


Nordby, Minnesota
Mei 14

Ardis,

Leo nimetamani ardhi ipasuke. Swichi na waya vimefika, nikafunga vyote viwili kabla ya chakula cha mchana (naam, mimi huyu!), nikapanda, nikaachia breki. Ikazima.

Gaylord Pribnow, jirani yangu mwenye uwanja kama zulia la sebuleni, alikuwa ananichungulia tangu asubuhi. Akaja na tumbo lake mbele, akasema, "Hebu nijaribu." Akapanda. Ikaenda! Akakata mistari mitatu safi, huku ananipungia mkono. Akashuka, nikapanda mimi. Ikazima. Akapanda yeye, ikaenda. Nikapanda mimi, ikazima. Nilifuata kila alichofanya, mguu kwa mguu, kidole kwa kidole. Akanitazama kwa ile huruma ya watu wanaokuletea keki za msiba. "Marlys," akasema, "mashine haina ubaya wowote. Labda ni umri tu."

Umri tu! Na jioni hiyohiyo akampigia Janelle. Janelle naye akanipigia, sauti laini kama anaongea na mgonjwa: "Mama, hakuna aibu. Nitakuja na maboksi, tutafunga vitu taratibu."

Nimekasirika mpaka nimekosa usingizi. Lakini wewe ni dada yangu, nitakwambia na lingine: nimeanza kujiogopa. Labda kuna kitu ninakosea bila kujua. Labda Janelle anaona kitu ambacho mimi sikioni. Yule mzee wa Ohio sijamwambia habari za Gaylord. Nitamwambiaje? Orville niliyejifanya kuwa ni mzito kuliko Gaylord na ana uzoefu kuliko sisi sote.

Marlys


Mesa, Arizona
Mei 17

Marlys,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Wewe hukosei kitu. Mtu anayeweza kubadilisha mkanda na swichi kutokana na karatasi tu hajazeeka kichwa. Gaylord Pribnow alishindwa hata kubadilisha gurudumu siku ya harusi yake, nilikuwepo, nililibadilisha mimi.

Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Unamwomba mtu akutibie mashine, halafu unamficha nusu ya ugonjwa. Mwandikie Mwamishi wako ukweli wote leo hii, kabla hujaosha vyombo. Atakasirika? Na akasirike! Yuko Ohio, atakufanya nini?

Na uwe unakula chakula cha kweli. Krismasi ulikuwa umekonda mpaka nikaogopa kukukumbatia.

Ardis


Nordby, Minnesota
Mei 20

Bwana Hershberger,

Keti, kama hujaketi. Mimi si Orville. Orville alikuwa mume wangu, na alifariki Oktoba. Mimi ni Marlys, mjane wake, nina miaka sabini na moja, na kabla ya mwezi huu nilikuwa sijashika spana ila kumpelekea yeye. Nilijificha nyuma ya jina lake kwa sababu nimechoka kuambiwa nimwite mzee. Nakuomba radhi. Yale niliyoandika kuhusu wanawake na mashine yananiunguza nikiyakumbuka.

Ukweli ni huu. Akiketi jirani yangu, mashine inakwenda. Nikiketi mimi, inazima. Kila mara. Jirani ameshamwambia binti yangu kwamba mimi ndiye mbovu, na binti yangu anakuja Jumamosi ya tarehe 28 na maboksi. Nisipokata nyasi zangu mbele yake siku hiyo, naondoka katika nyumba hii. Hicho ndicho kitu nilichokwambia hakiuzwi.

Kwa hiyo nijibu bila kunionea huruma. Ni mashine, au ni mimi?

Marlys Tollefson
(ratili mia na mbili, nikiwa na viatu)


Kaunti ya Holmes, Ohio
Mei 23

Mama Marlys!

Ni mashine! Ni mashine, ni mashine! Nilipofika kwenye ratili mia na mbili niliruka juu, kuku wakatawanyika, na baba akatoka na fimbo yake akidhani farasi amenipiga teke.

Sikiliza. Chini ya kiti kuna swichi ndogo. Mtu akiketi, kiti kinashuka na kuibonyeza, na mashine inajua kwamba ina mtu. Mtu akianguka, kiti kinanyanyuka na kila kitu kinazima, visu visije vikamkata. Sasa wewe ni mwepesi, kiti hakishuki, swichi haibonyei. Mashine haijakukataa, Mama. Haijui kama upo!

Hilo ndilo nililolishuku tangu barua ya kwanza. Ungeniambia ratili mia na mbili, tungemaliza Mei 6. Lakini sina haki ya kukusema, na sababu ni hii. Levi ni baba yangu. Mikono yake inatetemeka, hawezi tena kushika nati wala kalamu. Mimi ni Lovina, binti yake, nina miaka arobaini na nne, na hii ni karakana yangu tangu miaka mingi, ila wateja wanataka neno la mzee. Ndiyo maana naandika L. na kunyamaza. Uliponiandikia kuhusu wanawake na mashine, nilitupa barua yako kwenye pipa la oili, kisha nikaiokota kwa ajili ya Dakota.

Kiti nakijua kwa sababu hata mimi kinanifanyia hivyohivyo. Nikijaribu mashine hapa ndani zinanizimikia, mpaka nipakate mfuko wa chakula cha kuku. Fanya hivyo leo! Pakata kitu kizito, uone.

Kisha pindua kiti. Springi za Dakota ni nyembamba, rangi ya fedha. Nadhani utakuta moja nene, nyeusi, iliyotoka kwenye mashine nyingine kubwa. Mtu mzito huiweka ili kiti kisimzamie. Itoe. Nimekufungia mbili za Dakota yenyewe. Baba kasema tusikudai kitu, na kasema pia kwamba kuanzia leo niandike jina langu zima.

Haraka, Mama Marlys, fungua bahasha nyingine!

Lovina Hershberger


Nordby, Minnesota
Mei 31

Lovina wangu,

Umesema nisiache kitu, basi sitaacha.

Barua yako ilifika Ijumaa, posta ikikaribia kufunga. Niliisoma nikiwa nimesimama njiani, kisha nikakimbia. Mimi, kukimbia! Nilibeba mfuko wa chumvi ya kulainishia maji, nikaupakata kama mtoto, nikaachia breki. Ikaenda! Nikakata mstari mmoja uliopinda mpaka kwenye banda, huku ninacheka peke yangu kama mwehu. Gaylord alikuwa uani kwake. Nikampungia.

Kisha nikapindua kiti. Ilikuwepo, nene, nyeusi, kama ulivyosema, imefungwa kwa waya, na ule waya umesokotwa mara tatu na mwisho kukunjwa ndani usichune mtu. Hivyo ndivyo Orville alivyofunga kila kitu maishani mwake. Niliketi kwenye nyasi nikalia, sikufichi. Tangu Oktoba nilikuwa nalala upande wangu wa kitanda, nakunywa kahawa upande wangu wa meza, na mwezi huu wote nikisema mashine inanikataa. Kumbe kiti kilikuwa bado kinamngoja yeye. Nililia mpaka nikamaliza, kisha nikachukua koleo, nikaukata ule waya. Springi nakurudishia ndani ya kifurushi hiki. Bado ni nzima, mtafutie mtu mzito anayeihitaji.

Zako ziliingia bila ubishi. Nikaketi, na kiti kikashuka kidogo chini yangu. Kidogo tu, Lovina, upana wa kidole. Sijui nikwambieje. Nilijisikia nina uzito.

Jumamosi Janelle akaja. Maboksi nyuma ya gari, saladi ya viazi mbele. Nyasi zilikuwa zinafika magotini. Gaylord alileta kiti chake cha kukunja na bia yake, akakaa upande wake wa ua kama yuko uwanja wa mpira. Nilivaa kofia ya Orville, nikapanda, nikawasha. Janelle akafunika mdomo kwa mkono. Nikaachia breki. Nikawasha visu.

Ulitaka kujua inavyokuwa. Kwanza unaisikia tumboni kabla ya masikioni. Visu vinapoingia kwenye nyasi ndefu mashine inashusha sauti, inalalamika, halafu inapata nguvu, na harufu inakupiga usoni, mbichi, tamu, mpaka unataka kuila. Ukigeuka nyuma unaona njia uliyoifanya. Hakuna aliyekufanyia. Ukifika mwisho unageuza, na njia nyingine inakungoja. Nilikata nikiimba nyimbo za kanisani kwa sauti, hakuna anayekusikia kule juu. Janelle alinipungia nije nikale, nikampita. Akanipungia tena, nikampita tena. Gaylord alipiga makofi, halafu akaona natazama mpaka wa uwanja wake, akachukua kiti chake haraka akaingia ndani.

Nilimaliza jua likishuka nyuma ya banda. Mistari yangu imepinda. Kuna kona nimeiruka, na kichaka kimoja cha waridi sitakizungumzia. Janelle akaja akitembea juu ya nyasi mpya, miguu mitupu, akasimama mbele ya mashine, na nikaona amelia. Akasema, "Mama, sikutaka kukufukuza. Naogopa tu simu ya usiku, ya kuniambia umekutwa umeanguka." Nikamwambia, "Naiogopa na mimi. Lakini nataka kuiogopea hapa." Akanishika mkono, huu wenye grisi, hakuuachia mpaka tulipofika ndani.

Tulikula saladi yote. Jumatatu tulipeleka maua makaburini, na nilimweleza Orville kila kitu kwa sauti, Janelle akijifanya hasikii. Leo asubuhi ameondoka. Maboksi ameyarudisha alikoyatoa, matupu. Nilisimama barabarani nikampungia mpaka gari likapotea, kisha nikageuka nikatembea kurudi nyumbani kwangu.

Marlys Tollefson